Mwalimu Masalu Hakutubu

Nakumbuka Jumamosi ile jumuiya yetu ya Mabatini ilipokaa kikao kuamua kama Mwalimu Masalu alikuwa mwenzetu au la. Mwenyewe alikuwa mochwari, na tangu nimfahamu hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza watu kumjadili Masalu bila yeye kuwajibu.

Mwanangu, habari hii nakusimulia kwa sababu ya chakula cha mchana cha Jumapili iliyopita, hapa kwangu Ilemela. Wajukuu walikuwa wamejaa sebuleni, samaki sato kakaangwa vizuri, mara nasikia Jovin na dada yake Asela wanabishana. Jovin kashika simu, anasoma kwamba huko duniani wasioamini Mungu wanaongezeka na makanisa yamebaki na vikongwe. Asela anamwambia atoke nje asikilize. Huku kilimani kwaya moja ilikuwa imeanza na vipaza sauti tangu alfajiri, nyingine ikaipokea upande wa pili, na hata bodaboda iliyomleta Asela imeandikwa jina la Yesu mbele na nyuma. Mmoja alitaka ushindi kwa simu, mwenzake kwa vipaza sauti, utadhani ni mashabiki wa timu mbili wanaoulizana nani kajaza uwanja. Walipochoka wakanigeukia mimi. Bibi, wewe umeishi sana, kwani huku kwetu wasioamini wapo?

Nikawajibu kwamba wapo, ila wengi wao hawasemi. Hata serikali ikija kutuhesabu inauliza tuna choo cha aina gani na tunapikia nini, dini haiulizi, na mimi naona inafanya vizuri, maana watu wangejibu huku wakimtazama jirani. Ukipita Nyamagana Jumapili asubuhi utaona mwenyewe jinsi tulivyo wengi, Wakatoliki, Walutheri, Wasabato wamesali jana yake, walokole ndio usiseme. Lakini mtu wa kusimama mchana kweupe akasema Mungu hayupo, katika maisha yangu yote nimemjua vizuri mmoja tu, naye ndiye huyo Masalu. Wajukuu wakaweka simu chini, nikawasimulia, na sasa nakusimulia wewe.

Kama hukukulia kwenye jumuiya, jambo lenyewe liko hivi. Wakatoliki wa mtaa mmoja tunakutana kila wiki kusali, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, mpaka mzunguko unakwisha na kuanza upya. Ukipatwa na msiba, jumuiya ndiyo inayohama na kuja kwako. Wanawake wanapika, wanaume wanachimba kaburi, kwaya inaimba, na mwenyekiti anakwenda kwa padre kumwambia kwamba marehemu alikuwa wetu. Padre hawezi kumjua kila mtu aishiye katikati ya mawe yale ya Mabatini, kwa hiyo anategemea neno la mwenyekiti. Mwenyekiti akinyamaza, hakuna Misa, hakuna kwaya, na mara nyingi hakuna hata watu. Ndiyo maana mpaka leo wapo wanaokuja jumuiya kwa kuogopa kuzikwa peke yao tu. Nawajua, na wao wanajua kwamba nawajua.

Mwenyekiti wetu wakati huo alikuwa baba yangu. Alikuwa karani bandarini, upande wa meli za Bukoba, na watu walimwita Ta Deo, maana ndivyo tunavyomwita mwanaume wa heshima kwetu Kagera. Sisi Wahaya wanatusema kwamba tunajisifu. Wanasema kweli, na baba yangu alikuwa na mengi ya kujisifia: viatu vyake vilivyong'aa hata masika, Kilatini alichokichota seminari kabla hajaacha, na mimi binti yake. Mimi nilikuwa na sauti. Sikufichi, mwanangu, nilikuwa na sauti, na kwaya ya parokia ilikuwa haianzi wimbo mpaka Koku afike.

Masalu alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari. Aliishi na mama yake katika nyumba iliyokuwa juu kidogo ya kwetu, nyuma ya jiwe kubwa ambalo watoto waliteleza juu yake mpaka likang'aa. Mama yake sote tulimwita Mayu Kabula, mayu ndiyo mama kwa Kisukuma. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, na sijapata kuona mtu anayesali vile. Wengine tulisali macho yakiwa mlangoni kuona nani anaingia. Yeye akifumba macho unaona kweli yuko na mtu.

Basi fikiria mama huyo na mtoto yule. Masalu alibatizwa, akapata komunyo, akahudumia altareni, halafu akiwa chuoni akaacha. Wengine wanaoacha huacha kimyakimya, Krismasi unawaona. Yeye aliporudi na kuulizwa mbele ya watu kwa nini haonekani, alijibu kwa sauti ile ile ya kufundishia, "Mimi siamini kama Mungu yupo. Siku nikiamini nitakuja kukaa ndani pamoja nanyi."

Wala usidhani alikuwa malaika. Alikuwa mbishi, ulimi wake mkali, na hakujua kuacha jambo lipite. Alipenda kumchokoza baba yangu njiani. Anamwamkia kwa adabu zote, shikamoo Ta Deo, na baba akishaitikia marahaba anamuuliza kama mbinguni kuna sehemu ya Wahaya peke yao au watachanganywa na watu wengine. Baba alikasirika, kisha akifika nyumbani anamsimulia mama huku anacheka. Walibishana hivyo miaka na miaka. Hakuna aliyemgeuza mwenzake, na siku Masalu akisafiri, baba alikuwa hana raha.

Zamu ya sala ilipofika kwa Mayu Kabula, mambo yalikuwa hivi. Masalu mwenyewe alizunguka nyumba za jirani kuazima viti na mabenchi, akavibeba mabegani kupandisha kile kilima, akavipanga, akafagia, akamwekea mama yake kitambaa cheupe mezani. Watu walipoanza kuingia yeye alitoka. Alikaa juu ya lile jiwe akisahihisha madaftari ya wanafunzi mpaka tuliposema amina ya mwisho, kisha akarudi kubeba viti kuvirudisha kwa wenyewe. Wengine walikuwa wananong'ona kwamba anatudharau. Mimi nilikuwa nawatazama wanaume wetu wanaoamini, waliokuja mikono mitupu na kukalia viti alivyobeba yeye, na nilikuwa nabaki na maneno yangu moyoni.

Masalu aliugua ghafla. Homa ilimpanda, akapelekwa hospitali, mama yake akakaa naye pembeni ya kitanda mpaka mwisho. Alifariki Ijumaa. Jumamosi asubuhi kikao kikakaa uani kwetu, na Mayu Kabula akaja, amejifunga kanga mbili, akakaa kwenye mkeka kati ya wanawake.

Kulikuwa na mzee mmoja aliyeanza kusema, na sitamtaja, watoto wake wapo na ni watu wazuri. Alisema jumuiya si turubai la kukodi siku ya msiba. Tukimzika huyu, alisema, kesho kila mvivu atakaa nyumbani kwake akijua tutamzika tu. Na ukweli, mwanangu, maneno yake hayakuwa ya kipuuzi. Tulikuwa na kanuni yetu, asiyesali nasi hatumziki, na watu wengine walikuwa wameshazikwa kwa aibu kwa sababu hiyo hiyo. Tungemwambia nini mjane ambaye mume wake tulimkataa kwa kukosa sala tu, huku huyu aliyemkataa Mungu mwenyewe tunampa kwaya? Watu wakatikisa vichwa kukubali.

Baba yangu alikuwa na kazi ngumu pale. Kanuni alikuwa ameisimamia yeye mwenyewe, kwa hiyo asingeweza kuitupa. Naye alimpenda Mayu Kabula kama dada yake. Nikamwona anatazama viatu vyake, anatafuta njia, na nikajua ameipata maana alinyanyua kichwa akatabasamu kidogo.

Akasema kwa upole sana, "Mayu, wewe ndiye uliyekuwa naye mpaka dakika ya mwisho. Mtu akikaribia kule hubadilika. Hakukuambia neno? Hata kushika rozari yako tu? Hata kusema amina ukisali?"

Kila mtu alielewa baba anachofanya. Alikuwa anamfungulia mlango. Mayu Kabula angeinamisha kichwa tu, hata bila kufungua mdomo, na mambo yote yangekwisha. Baba angekwenda kwa padre kusema ametubu. Kungekuwa na Misa, kwaya, kaburi lililochimbwa na vijana wa jumuiya, na mama yule angezikiwa mwanawe wa pekee kwa heshima yote ambayo Mabatini inaweza kutoa. Hata yule mzee mwenye kanuni alikuwa ameshalegea, anasubiri kichwa kiiname. Mimi binafsi nilikuwa nimeshachagua nyimbo. Nilikuwa namwombea kwa Mungu akubali, sikujua kwamba namwombea adanganye.

Mayu Kabula alimtazama baba usoni. Tuliona machozi yanashuka, hakuyafuta. Halafu akasema, "Aliniomba maji. Aliniomba nisilie. Aliniuliza kama nimekula. Mungu hakumtaja, Ta Deo."

Baba akasema taratibu, "Mayu, fikiri vizuri."

"Nimefikiri," akajibu. "Nilikaa pale namsubiri aseme. Mimi mama yake nilitamani kuliko ninyi nyote. Hakusema. Sasa unataka nikamkabidhi mwanangu kwa Mungu, na nianze kwa kumdanganya Mungu huyo huyo?"

Akasimama, na kwa ufupi wake ule ilionekana wote tumekaa chini zaidi. Alisema mwanawe aliishi katikati yetu, mmoja peke yake, akitamka wazi kwamba haamini, bila kuwa na hata mtu mmoja wa kumuunga mkono. Hakuogopa. Na sisi, alisema, tuliojaa mtaa huu mpaka hatuna pa kukaa tukisali, tunaogopa kusema ukweli wake mmoja mbele ya kaburi. Kama imani yetu haiwezi kusimama mpaka imsingizie maiti, basi Masalu alikuwa na sababu ya kukaa nje. Mimi naamini, alisema, na leo nimefiwa na bado naamini, wala sihitaji Masalu aniunge mkono ndipo Mungu wangu awepo. Nitamzika mwenyewe na ndugu zangu wakifika kutoka Kwimba.

Akajifunga kanga yake vizuri, akatuaga kwa adabu, akapanda kwake. Alitembea polepole kwa sababu ya yale mawe, na sisi sote tulimtazama mpaka alipopotea nyuma ya jiwe.

Nimesikia mahubiri mengi, mwanangu. Nimesikia maaskofu. Sijasikia tena maneno yaliyonipiga kama yale ya mama asiyejua kusoma vizuri, aliyekataa kitu alichokitaka kuliko vyote kwa sababu kilikuwa cha uongo. Mpaka leo mtu akiniuliza Mkristo ni nani, namwona Mayu Kabula amesimama uani kwetu.

Baada ya hapo kila mtu akawa anamtazama mwenzake. Aliyekata shauri ni mama yangu. Mama alikuwa mtu asiyesema kikaoni, alimwachia baba maneno yote kwa sababu alijua anayafurahia. Akasimama, akaingia jikoni, akatoka na sufuria kubwa ile ya sherehe kichwani na mwiko mkononi.

Baba akamwambia, "Pelagia, kikao hakijafungwa."

"Basi kifunge," mama akasema. "Nyumba ya msiba haina hata ugali."

Akaondoka. Nikachukua ndoo, nikamfuata. Nyuma yangu nikasikia kanga zinakung'utwa, wanawake wanainuka mmoja mmoja, wengine wanapitia kwao kuchukua maharage, dagaa, michembe ya viazi, chochote kilichokuwepo. Hatukupiga kura. Wanaume walibaki uani na kanuni yao, na nadhani ni mara ya kwanza waliona kwamba kanuni bila wanawake haiwezi kupika.

Sasa nisikilize hapa, maana hapa ndipo ninapojisikia kujisifu, na nitajisifu. Baba yangu hakukaa akanuna. Alifunga kikao kwa sala kama kawaida, akaingia ndani, akavua vile viatu vyake, akavaa kandambili, akaenda kwa padre. Alimweleza kama ilivyo. Huyu mtu hakuwa anasali, hakutubu, na mama yake hataki asingiziwe. Mama yake ni wetu na anazika. Padre alifikiri, akasema Misa hataweza kuisoma, lakini hakuna sheria inayomkataza kwenda msibani. Akaja. Alikuja na shati la kawaida, akasalimia watu, akakaa kwenye benchi na wazee wengine, akala ugali wa mama yangu. Baba naye alipitia nyumbani kuchukua mtaimbo, akaenda makaburini kuchimba pamoja na vijana. Ardhi ya kwetu unaijua, unachimba kidogo unakutana na mwamba. Karani wa bandari aliyezoea kalamu alirudi jioni viganja vimechubuka, na mama alipomkanda na maji ya chumvi hakulalamika hata kidogo.

Tulimzika Jumatatu. Nilidhani tutakuwa watu wa mtaa tu. Lo, walikuja wanafunzi wake, waliokuwa bado shule na waliokwisha kuwa na watoto wao. Walikuja Waislamu wa Mirongo, wakaja Wasabato, wakaja walimu wenzake, wakaja ndugu wa Kwimba wamejaa kwenye lori. Nilisimama pale nikawaza kwamba huyu aliyekuwa peke yake kwa kutoamini, siku ya mwisho alizungukwa na waumini wa kila aina. Wote walijua ukweli wake na wote walikuja.

Kaburini baba ndiye aliyesema. Nayakumbuka maneno yake kwa sababu yalikuwa machache, jambo ambalo kwa baba yangu halikuwa la kawaida. Alisema Mwalimu Masalu hakuamini kwamba Mungu yupo. Mimi naamini, alisema. Tumebishana mpaka nywele zangu zimekuwa nyeupe, hakunishinda na mimi sikumshinda, na sijui nitabishana na nani tena. Hapo sauti ikamkatika. Sikuwahi kumwona baba akilia mbele ya watu, na wala sikuona aibu. Nilijivunia. Kusema kwamba unaamini ukiwa kanisani kila mtu anaweza. Baba yangu aliisema imani yake na kutokuamini kwa rafiki yake kwa pumzi moja, mbele ya umati, na hakuna kimoja alichokipunguza.

Kisha Mayu Kabula akanitafuta kwa macho. "Koku," akaniambia, "imba."

Nilisita. Nikamtazama baba, maana niliona tukiimba wimbo wa kanisa tutakuwa tumerudi pale pale, tunambandika marehemu kitu ambacho si chake. Mayu Kabula akaelewa.

"Usimtazame baba yako," akasema. "Wimbo si wa Masalu. Masalu hasikii, na angesikia angetoka nje. Ni wangu. Mimi ndiye ninayeamini na mimi ndiye niliyefiwa. Niimbie mimi."

Watu wengine walicheka kidogo huku wanalia. Nikamwimbia. Nimeimba kwenye sherehe kubwa, nimeimba mbele ya viongozi, kwaya yangu imeshinda vikombe ambavyo bado viko kabatini. Sijawahi kuimba vizuri kama pale, kwa mama mmoja aliyejua hasa kwa nini anataka kusikia.

Baada ya arobaini kikao kilikaa tena kutazama ile kanuni. Walibishana, maana tulikuwa hatujawa watakatifu, lakini mwisho wakaandika upya kwamba anayesaliwa ni yule aliyesali, na anayezikwa ni jirani yeyote. Nasikia jumuiya ile bado inaishi hivyo mpaka leo, na wengi walioipokea hawajui ilitoka wapi. Mimi najua, na nilikuwepo.

Sasa mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii, nayo ni fupi kuliko hadithi. Usipoteze usiku wako ukihesabu tuko wangapi na wao wangapi. Hapa kwetu tunaoamini tumejaa, na napenda tulivyojaa, napenda zile kwaya zinazoniamsha. Lakini wingi wetu haujamfanya mtu yeyote amwamini Mungu. Ukitamba kwamba tuko wengi, hujasema bado kama wewe umo. Na wewe unayesoma kwenye simu kwamba wasioamini wanaongezeka, nakuambia vilevile. Usiache kuamini kwa sababu huko ng'ambo wameacha, hiyo ni kufuata mkumbo tu, isipokuwa mkumbo wenyewe umebadilika. Masalu hakufuata mtu. Mayu Kabula naye hakufuata mtu. Wale wawili waliishi nyumba moja, kila mmoja akijua alichokisema, na walipikiana uji asubuhi.

Ukiamini, amini wewe mwenyewe, usiniazime mimi wala bibi mwingine. Jivunie imani yako, itamke, iimbe, usione aibu chuoni wakikucheka. Usiitumie kumfukuza mtu, wala usimsemee mtu yeyote uongo ili kuisaidia, haihitaji msaada huo. Na kama huamini, mwanangu, uje uniambie. Nitalia, sikufichi, na nitabishana nawe mpaka uchoke, mimi ni binti wa Ta Deo. Lakini usikae kanisani pembeni yangu ukiigiza kwa kuniogopa. Mezani kwangu hakuna kiti kinachoondolewa kwa sababu hiyo. Uongo ndio usioweza kukaa na mimi.

Na siku yangu ikifika, asiwepo mtu wa kuhangaika kutafuta la kusema juu yangu, wala kukaa kikao. Semeni tu kwamba Koku aliamini. Hamtakuwa mmedanganya.

Mungu akutunze uendako na urudiko, akupe rafiki wa kubishana naye na moyo wa kumzika kwa haki. Ninamtaja Mungu kwa sababu namwamini. Wewe ukiipokea kama baraka, nimefurahi. Ukiipokea kama salamu tu ya bibi anayekupenda, ipokee hivyo hivyo, na uje kula Jumapili.